Blanketi la Tatu

Mpendwa Baba Nekesa,

Naandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, na pia, ukitaka kujua, kwa sababu sijapata jina lingine la kukuita. Nimelitafuta sana. Miaka yote niliyofungiwa nilikuwa na nafasi tele ya kulitafuta.

Mama Nekesa alifika hapa Bondeni, Nakuru, Jumamosi, ametoka moja kwa moja kwenye treni na kuku wawili kwapani. Aliketi kitandani kwangu kwa kuwa kiti sina, akanipa salamu zako kama mtu anayetua mzigo mzito.

"Baba Njeri, mwenzako halali," akaniambia. "Akilala kidogo anashtuka."

"Mimi nalala vizuri sana," nikamjibu. "Nilizoea saruji, hata hiki kitanda kinaniona mgeni."

Hakucheka. Alinieleza kwamba umepata lori kuukuu huko kwenu, kwamba unalirekebisha kipande kwa kipande, na kwamba unataka turudi barabarani sisi wawili kama zamani. "Anasema bila wewe hilo lori haliendi popote," akasema. Nilichinja kuku mmoja, tukala naye pamoja na Mama Njeri, kisha nikamsindikiza stesheni kwa heshima zote, maana yeye hajanikosea. Jibu sikumpa. Jibu ni hili hapa, na nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha barabarani, kwa sababu Kikuyu changu hukukijua zaidi ya salamu na matusi.

Lakini kilichonishikisha kalamu si lori lako. Ni Njeri. Mtoto wangu haniamini, na katika dunia hii shahidi wangu ni mmoja tu, na huyo shahidi ni wewe.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipopewa ile Landrova? Yule mzungu wetu, Bwana Visima, alikuwa akichimba visima vya maji katika mashamba ya walowezi, na mashamba hayo barabara yake ilikuwa ya jina tu. Solai, Subukia, Kinangop, hadi kule chini Baringo ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli. Yeye alitangulia na mitambo yake, sisi tukafuata na mabomba na vyuma, na kila tulipokwama ilikuwa shauri yetu. Safari ya kwanza tulikwama mbele ya Ol Kalou, katika udongo mweusi, na jeki ilipoanza kuinua gari ikawa yenyewe ndiyo inayozama. Gari lilibaki pale pale, jeki ikaenda chini ya ardhi. Tulitazamana. Wewe ndiye uliyeanza kucheka.

Tangu siku ile tukapata akili ya kupakia. Mbao mbili za kuweka chini ya jeki. Cheni za kuvisha magurudumu. Sepetu, jembe, panga la kukata matawi ya kutandika njiani. Kamba ya katani, nene. Tyubu, viraka, pampu. Debe la petroli, debe la maji, na wewe uliapa mbele yangu kwamba hutawahi tena kuyachanganya. Kipande cha sabuni ya kufulia, maana tangi likitobolewa na jiwe unaisugua pale penye tundu na petroli inakoma kuvuja. Na unga, chumvi, majani ya chai, sufuria, kwa kuwa matope ya Kinangop hayamwachi mtu siku anayotaka yeye.

Na sheria yetu uliitunga wewe, sikuibii: anayeendesha hapakii. Anayekaa kando ndiye anayepakia. Ulisema mtu anayejua atashika usukani, moyo wake umeshaondoka, umeshafika njiani, atasahau pampu. Lakini anayempakia mwenzake anamfikiria. Anajiuliza, huyu akikwama atataka nini kwanza? Na kinachotakiwa kwanza kinaingia mwisho, kikae juu. Mimi nilikuwa nikikupakia sepetu juu kabisa kwa kuwa nilijua huna subira, utashuka na kuanza kuchimba kabla hata hujatazama umekwama vipi. Wewe ulikuwa ukinipakia majani ya chai juu, kwa kuwa mimi nikikwama nataka kwanza kuketi.

Hakuna mtu aliyewahi kunifikiria vile, Baba Nekesa. Hata mama yangu alinipakia viazi tu.

Siku ile ya Baringo sijaisahau. Tairi lilipasuka, la akiba nalo likapasuka, tyubu zimechanika hazishiki kiraka. Ukakata nyasi kwa panga, tukazishindilia ndani ya tairi kwa mpini wa jembe mpaka likasimama, tukaenda nalo polepole hadi tukafika kwa watu. Njia nzima ulikuwa ukiimba ule wimbo wenu wa jando, na mimi naitikia maneno nisiyoyajua. Tulipofika Nakuru Mama Njeri alikuta nyasi zimetoka kwenye tairi zinaning'inia, akauliza kama tumeanza kulisha gari. Njeri alikuwa mdogo, ameshika rinda la mamake, na ulimbeba mabegani ukamzungusha kwenye uwanja wa landhi, penye vyumba vyetu vya wafanyakazi, ukimwita mkwe wako.

Halafu zikaja zile nyakati za Mau Mau na hali ya hatari. Sina haja ya kukueleza, ulikuwepo. Watu wa kabila langu wakaanza kutembea na karatasi juu ya karatasi, na kila kizuizi cha barabarani mimi nashushwa na wewe unabaki ndani. Nilikuwa nikirudi garini unanipa sigara tayari imewashwa. Hukusema kitu. Nilidhani hiyo ilikuwa njia yako ya kusema.

Wiki ile niliyokamatwa tulikuwa tumetoka kulala matopeni Kinangop, na gurudumu lilikuwa limekataa kushika mpaka tukatoa blanketi langu tukalitandika chini yake. Blanketi likaharibika kabisa. Kwa hiyo uliponipakia safari iliyofuata, uliongeza blanketi la tatu, moja lako, moja langu, moja la gurudumu. Uliongeza na unga. Uliongeza bandeji na kwinini, kwa sababu nilikuwa nimeumia kidole na nilikuwa na homa. Nilikuona kwa macho yangu ukipanga sanduku lile, ukisema, "Leo hata tukikaa huko mpaka Krismasi, tutakaa kama mabwana." Mimi nilikuwa naendesha. Wewe ndiye uliyepakia.

Tulisimamishwa tulipopita Gilgil, tukielekea Ol Kalou, na milima ya Nyandarua iko mbele yetu imejaa msitu. Yule ofisa alikuwa kijana wa kizungu, ngozi ya pua imebambuka kwa jua. Aliwaambia askari wafungue sanduku. Walitoa kitu kimoja kimoja wakakiweka juu ya turubai kwenye majani: panga, kamba, mfuko wa unga, chumvi, bandeji, kwinini, tochi, blanketi. Nilisimama nikitazama vitu vyetu vilivyotuokoa mara nyingi, na jinsi vilivyozidi kupangwa pale ndivyo nami nilivyoanza kuona anachokiona yeye: akiba ya watu wa msituni.

"Nyinyi mbili," akasema. "Blanketi tatu ya nini? Hii ya tatu ya nani?"

"Ya gurudumu, Bwana," nikasema.

Askari mmoja alicheka. Hata mimi nilisikia jinsi jibu hilo lilivyosikika. Ofisa akasonga karibu yako. Wewe hukuwa umefungwa, hukuwa umeguswa, hakuna aliyekuinulia hata sauti. Kipande chako cha utambulisho kilikuwa safi, kabila lako halikuwa na neno. Akakuuliza, "Wewe. Nani alipakia hii?"

Nilikutazama bila wasiwasi. Nakuapia, nilikuwa nimeanza kupumua. Nilijua utaeleza, kwa sababu wewe ndiye fundi wa kueleza, utawafanya hata wacheke kuhusu jeki iliyozama.

"Ni yeye, Bwana," ukasema. "Mimi hiyo maneno sijui. Mimi ni mtu ya kusukuma gari tu."

Sikukasirika wakati ule. Nilidhani sijasikia vizuri. Nilikuita, "Baba Nekesa!" kama unavyomwita mtu aliyesahau kofia. Uliangalia chini. Wakanifunga mikono kwa kamba ileile ya katani, wakakuambia urudishe gari Nakuru. Na hapo, ndugu yangu, ndipo nilipokufahamu. Ulipanda upande wangu wa usukani, ukakaa, ukarekebisha kioo cha kutazama nyuma. Mimi ni mrefu kuliko wewe, kwa hiyo kioo hakikukufaa. Ukakishusha taratibu mpaka kikakaa sawa, ukaondoka.

Ulinisaliti. Nimeliandika hilo neno na nimelitazama, na sitalipunguza.

Usiniambie uliogopa. Najua uliogopa, mimi pia niliogopa, hata yule ofisa aliogopa, alikuwa akitazama msitu muda wote. Na usinitumie Mama Nekesa aniambie kwamba wangekuchukua na wewe. Pengine wangekuchukua. Nimelipima jambo hilo kila upande, maana kule nilikokuwa hapakuwa na kazi nyingine ila kuvunja mawe na kupima mambo. Pengine wangetuchukua sote wawili kwa wiki moja wakatuachilia, kwa kuwa wewe hukuwa na doa. Pengine wangetuweka miaka. Lakini ningekuwa nimefungwa pamoja nawe, na mtu anaweza kustahimili mengi akiwa na mwenzake. Bwana Visima alipoulizwa alisema vyuma ni vyake lakini chakula hakijui. Huyo hakuniumiza hata kidogo, sikuwahi kula naye. Aliyeniumiza ni yule aliyejua kwa nini kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku lile.

Mama Njeri alitolewa landhi na mtoto, wakapakiwa kwenye lori wakapelekwa reserve ya Wakikuyu, mahali ambapo yeye hakuwahi hata kuishi, amezaliwa shambani huku huku Njoro. Alilima mashamba ya watu. Njeri alikua bila mimi. Nilipoachiliwa hakunijua, alijificha nyuma ya mamake na kuniita mzee.

Na sasa sikiliza jambo ambalo hungelifikiria, kwa maana hata mimi sikulifikiria. Hapa Bondeni watu wananiheshimu. Ninaziba tyubu kwenye gereji ya Mhindi mmoja, kazi ya kuinama kutwa, lakini nikipita njiani wanaume wananipa mkono kwa mikono miwili. Wanasema, huyu ndiye aliyewalisha vijana msituni. Mama mmoja muuza ndizi hataki nilipe. Nikisema unga ulikuwa wa kukwama matopeni, wanakonyezana na kucheka, "Ndiyo mzee, wa matope, tumesikia." Wananisifia ushujaa ambao si wangu, na mimi nawajua watu wachache niliofungwa nao ambao kweli walipeleka unga, na wengine wao hawakurudi. Kila nikipewa ndizi ya bure naona nimewaibia. Hukunichukulia miaka tu, Baba Nekesa. Umenichukulia hata kisa changu mwenyewe, na kile nilichobaki nacho hakinikai mwilini.

Hilo lori lako, hapana. Nilitaka ulisome neno hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe usije ukasema Mama Nekesa alikosea kulifikisha. Sitakaa nawe tena ndani ya gari moja. Nilijaribu kuona kama naweza, nilikaa siku nzima na tyubu mkononi nikijaribu. Nilichoona kila mara ni mkono wako juu ya kile kioo. Tafuta mtu mwingine, na ukimpata, mtendee mema.

Lakini nina haja moja kwako, nayo si kuniomba msamaha. Msamaha wako utanitaka nikujibu, na nimechoka kujibu.

Jumapili tulipotoka kanisani niliketi na Njeri mlangoni nikamweleza yote. Ana akili, yule mtoto, anasoma vizuri kuliko mimi. Nilimweleza udongo mweusi ulivyo mvua ikinyesha. Nilimweleza mbao chini ya jeki, sabuni ya tangi, tairi la nyasi, blanketi la gurudumu. Nilimwambia babako hakuwa shujaa, alikuwa dereva aliyependa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kidevu. Nikaona bado anafikiria, nikangoja kana kwamba nimesimamishwa tena barabarani.

Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Lakini baba, kama vilikuwa vya matope, mbona rafiki yako hakusema?"

Niliinuka, nikaenda kutafuta kalamu.

Njoo Nakuru, Baba Nekesa. Njoo mchana, Njeri akiwa ametoka shule. Mimi nitakuwa gereji, si lazima unisalimie. Keti naye pale mlangoni, umjibu.

Kwaheri ya kuonana, au ya kutoonana, utachagua wewe.

Ni mimi,
Baba Njeri