Kisima cha Chisingisa na Wasifu Niliomchapia Bosi Wangu

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada, lakini kabla ya kuomba sina budi kufafanua neno moja, maana bila neno hilo utanishauri juu ya tatizo ambalo si langu. Namba ya utambulisho, kwa maana tuliyoitumia kazini, ni alama inayopewa kitu kimoja peke yake, isiyobadilika kitu hicho kinapopewa jina jipya au kinapohamwa na watu, na isiyorithishwa kwa kitu kingine hata kile cha kwanza kikifukiwa. Kisima kina namba. Kijiji kina jina tu. Nililinda tofauti hiyo kwa miaka kumi na saba, na siku moja niliisahau.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kondoa, mkazi wa Area D hapa Dodoma. Mwaka 1979 niliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya maji nikiwa na cheti cha kidato cha nne, nikakabidhiwa makabati sita ya kadi, kila kisima kadi yake, kina chake, mwaka wa kuchimbwa, wingi wa maji kwa saa na kiasi cha chumvi, na nilizipenda kadi zile kabla sijajua kwamba kazi ya namna hiyo ina jina. Mwaka 1988 zililetwa kompyuta mbili za msaada, na mkuu wangu wa kitengo, ambaye nitamwita Ebenezer ingawa si jina lake, alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki sita akarudi na cheti na kitabu cha maelekezo. Cheti alikitundika ukutani, kitabu akanipa mimi. Nilikisoma mpaka jalada likaachia, kisha kwa miaka minne nikaingiza kadi 2,140, nikaifundisha mashine kukataa kisima kisicho na kina, kukataa mwaka wa kuchimbwa ambao haujafika, kukataa namba moja kutokea mara mbili, na kila Ijumaa nikanakili rejesta nzima kwenye seti tatu za disketi, moja ya kabatini, moja ya jengo la pili, na moja ya nyumbani ndani ya kopo la biskuti, kwa sababu vumbi la Dodoma la mwezi wa nane huingia hata kwenye droo iliyofungwa, na umeme ulikuwa ukikatika bila kuaga. Hakuna siku niliyopoteza rekodi hata moja.

Sijui kama mtu anaruhusiwa kuililia mashine. Natamani ile saa ya asubuhi, wenzangu hawajafika, ninapoiuliza rejesta inionyeshe visima vyote vya upande wa Bahi vilivyochimbwa kabla ya Uhuru na vyenye maji matamu, halafu nangoja, mashine inakwaruza kidogo, na majina yanapanda kwenye kioo moja baada ya jingine, ya kijani, kana kwamba nchi kavu yote ile imeitwa na inaitikia. Tangu niondoke sijawahi kuuliza swali likajibiwa kwa uhakika namna ile.

Sasa kosa langu. Kijiji nitakachokiita Chisingisa kilihamishwa mwaka 1974, watu wakasogezwa maili nane hadi barabarani, na walipoondoka walichukua milango, mawe ya kusagia na jina. Kisima chao kitamu cha mwaka 1962 kilibaki mahameni. Huko barabarani walichimbiwa kingine mwaka 1976, kikatoa maji ya chumvi. Kadi ya kisima hicho cha pili iliponifikia, kona yake yenye namba ilikuwa imeliwa na mchwa, nikaona jina Chisingisa, nikakumbuka kwamba Chisingisa nimekwisha kuiingiza, nikaihesabu kuwa ni marudio na kuitupa. Yaani nilitambua kitu kwa jina lake. Basi rejesta inasema mpaka leo kwamba Chisingisa ina kisima kimoja, na ni kitamu.

Niligundua mwaka 1995, alipokuja ofisini mzee Mazengo, mlinzi wa pampu wa kijiji hicho. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akaketi, akaweka mezani chupa ya soda iliyojaa maji.

"Binti, ni wewe unayekaa na karatasi za visima?"

"Ni mimi, mzee."

"Kila tukiomba kisima tunaambiwa karatasi inakataa. Karatasi yenu inasema tuna maji matamu. Basi onja."

Nilionja. Alinitazama usoni, hakucheka, akasema, "Mbona huyamezi?"

Niliandika yote kwenye kaunta buku langu, ambamo nilikuwa nimeanza kulinganisha mahame na vijiji vipya, na katika kurasa za nyuma nikaorodhesha visima kumi na kimoja nilivyovikosea kwa namna hiyo hiyo. Lakini kurekebisha rejesta kulihitaji saini ya Ebenezer pamoja na maelezo ya nani alikosea, nikaogopa, nikasema nitafanya baada ya ukaguzi, na kabla ya ukaguzi likaja zoezi la kupunguza wafanyakazi na jina langu likawa ukurasa wa kwanza. Sasa ni miaka miwili nina kibanda cha kupiga chapa, nawachapia wanachuo na wafanyakazi wasifu wao wa kuombea kazi, najua jinsi ya kumfanya mtu yeyote aonekane amenyooka.

Wiki tatu zilizopita aliingia Ebenezer na karatasi nne za mwandiko wake.

"Mama Hamza, vidole vyako bado ni vya serikali hivyo."

"Serikali ilishavirudisha, bosi. Leta karatasi."

Kuna mradi mpya wa maji utakaochimba visima katika vijiji visivyo na maji matamu, utavichagua kwa kutumia rejesta ile ile, na unatafuta msimamizi wa takwimu. Nilichapa hadi nikafika panapoandikwa: amebuni na kujenga rejesta ya kompyuta ya visima 2,140, ametunga kanuni za kuhakiki takwimu, ameanzisha utaratibu wa nakala za tahadhari. Vidole vikasimama.

"Vipi, mwandiko hausomeki?"

"Unasomeka."

"Basi twende, mama. Na lile kaunta buku lako la mahame, bado unalo? Nikipata kazi hii nakuchukua uwe msaidizi wangu, si unanijua. Nipe tu kwanza, niingie nalo kwenye usaili."

"Nitalitafuta."

"Utalitafuta wapi, wewe ambaye hata pini ina mahali pake?"

Nilimaliza kuchapa, mshauri. Nilinyoosha pambizo na nikamrekebishia hata mwaka mmoja alioukosea. Orodha ya vijiji inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nikimpa kaunta buku, Chisingisa itaingia kwenye orodha, lakini kosa langu litajulikana kwa jina langu na kazi yangu itajulikana kwa jina lake. Nikimnyima, mradi utapeleka mitambo kusikostahili, na nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu inatamani iwe hivyo, rejesta imwangukie mikononi, ndipo watu waulize ni nani aliyeijenga. Nikiomba kazi mwenyewe, sina cheti hata kimoja cha kompyuta. Nifanye nini?

M., Area D, Dodoma.

Jibu

Dada M., fasili yako ni safi, nimeisoma mara mbili. Sasa niruhusu niitumie dhidi yako.

Umeandika mambo matatu kana kwamba ni jambo moja: kisima cha watu, kosa lako, na jina lako. Kwa kanuni zako mwenyewe, vitu vitatu havipewi namba moja. Tuvitenganishe.

Kisima kwanza, kwa sababu ndicho pekee chenye mtu anayekunywa. Ulionja maji yale mwaka 1995. Huu ni mwaka 1998. Kwa miaka mitatu mzee Mazengo ameendelea kumeza kile ambacho wewe hukuweza kukimeza mara moja, na katika barua yako ndefu umeililia mashine kwa sentensi nyingi kuliko ulivyomlilia yeye. Hamu yako naielewa na siidharau. Mtu aliyewahi kupata majibu ya uhakika ana haki ya kuyatamani. Lakini hamu haikupi ruhusa ya kukalia maji ya watu ili bosi wako aaibike. Hilo ulilolikiri, likiri mara hii moja, kisha liache.

Kosa nalo unaliogopa isivyo lazima. Wewe unayepokea wasifu za watu kila siku, niambie: ni mara ngapi umechapa za watu wasiowahi kukosea? Mwajiri mwenye akili, akiletewa orodha ya makosa kumi na moja, kila moja na chanzo chake na mahali pa kulisahihisha, atajua mbele yake yupo mtu anayeifahamu rejesta hiyo mpaka mahali inapodanganya. Cheti cha wiki sita hakiwezi kumwonyesha hilo. Usikibuni cheti usichokuwa nacho, wala usiombe radhi kwa kukikosa.

Kuhusu jina, Ebenezer amekukosea, na wewe umemsaidia. Ulichapa madai yake na kuyanyooshea pambizo. Alipokuuliza kama mwandiko hausomeki, alikufungulia mlango, ukajibu kwamba unasomeka. Usiseme tena nitalitafuta. Yeye anakujua kuliko unavyodhani. Ndiyo maana alikuuliza utalitafuta wapi.

Fanya hivi, na uanze Jumatatu. Toa nakala mbili za kaunta buku lote, pamoja na kurasa za nyuma ambazo ungependa zisisomwe. Andika barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, uliijenga rejesta kuanzia lini hadi lini, vijiji gani vimekosewa, na kwa nini. Peleka nakala moja kwenye ofisi ya mradi wenyewe na ya pili kwenye masjala ya ofisi yako ya zamani, na usiondoke dirishani mpaka upigiwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wewe ni karani wa masjala, sihitaji kukufundisha thamani ya muhuri huo. Kaunta buku lenyewe lirudishe nyumbani, likae na kopo la biskuti. Mwandikie mwenyekiti wa kijiji cha Chisingisa ajue kwamba masahihisho yamepelekwa, afuatilie mwenyewe kabla ya orodha kufungwa.

Baada ya hapo, si kabla, nenda kwa Ebenezer. Mwambie kwa adabu mambo yamekwisha kupelekwa, na kwamba mstari ule wa wasifu wake aufute au auandike upya. Anaweza kuandika kwa ukweli kwamba alisimamia kitengo kilichoijenga rejesta. Hilo ni lake, usimnyang'anye.

Kisha kaa kwenye mashine yako ya chapa na ujichapie wasifu. Usianze na orodha ya mitambo unayoifahamu. Anza hivi: kadi 2,140, miaka minne, hakuna rekodi iliyopotea wakati wa kunakili, kumi na moja zilizokosewa na kusahihishwa na mwandishi mwenyewe. Peleka maombi. Wakikukataa kwa kukosa cheti, utakuwa umekataliwa wewe, kwa jina lako, na hiyo si sawa na kufutwa.

Limebaki jambo moja ambalo sikuweza kulipatia jibu, nami sitaki kukudanganya. Unasema unaitamani kazi ile: asubuhi, mashine, majina ya kijani yakipanda. Lakini kila mahali katika barua yako ambapo kalamu imetetemeka, pana mtu anayeijua kazi yako lakini hakutaji, au asiyejua kabisa kwamba ni yako. Kama Ebenezer angesimama siku moja mbele ya wale wa mradi akasema, "Aliyeijenga ni Mama Hamza," kisha wasikuajiri, ukarudi kibandani kwako: je, ile hamu ingekuwa imekwisha, au ndiyo kwanza ingeanza?