Mfumo wa Zamani Umerudi

Alhamisi jioni, Septemba 1998

Sasa sina kisingizio tena.

Tangu mwanangu aweke mfumo mpya kwenye kompyuta yangu ya mapajani, mashine ilijikokota kuliko mimi, na barua yangu kwa Kalekye ikakataa kufunguka. Nililalamika kwa kila mtu. Moyoni nilishukuru. Kalekye ni mjane wa ndugu yangu, kule Nuu.

Leo Mwende, anayechapia watu barua mjini Kitui, alikuja kunirudishia mfumo wa zamani.

"Mwalimu, hii itafuta kila kitu. Uko na kitu nikuwekee kwa disketi?"

Ningesema hapana, nani angejua? Nilijifanya natafuta miwani mpaka akacheka. "Ama ni barua za mapenzi?"

"Ni moja tu. Ya shamba."

Akainakili, akabadilisha mfumo, na barua ikafunguka yote. Ndani yake nimeungama: miaka ile wapimaji wa ardhi walipokaribia kuja, ndugu yangu akiwa kazini Mombasa, niling'oa mkonge wa mpaka wetu nikaupanda hatua thelathini ndani ya shamba lake. Kalekye bado analima kipande kilichobaki, na bado ananiita Mwalimu kwa heshima.

Nilifunika kioo cha kompyuta kwa mkono, Mwende asisome. Kisha nikampa Mwende disketi aichape dukani kwake na kuituma mwenyewe, maana najijua, na daktari asema moyo huu mgonjwa hautafika Krismasi.

Mwende ataisoma akiichapa. Hata marehemu mke wangu hakujua. Nyumba imenyamaza, lakini kesho mtu mmoja atakuwa ananifahamu.