Mama Fei Yaoqin, Uliyeona kwa Vidole

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha hapa Shanlian, siku chache kabla ya sikukuu ya kusafisha makaburi ya wazee. Maandazi ya kijani ya mchele, ya sikukuu hiyo, uliyokuwa umeanza kuyaandaa tuliyala bila hamu.

Maisha yako yote tulikuona umeinamia beseni, kitana cha mfupa mkononi, ukichambua majini manyoya ya mbuzi ya kutengenezea brashi za kuandikia na kutupa kila unywele wenye ncha butu. Majirani walikuja kupiga soga, ukacheka na kusengenya kidogo kama wengine, lakini vidole havikusimama. Baba alilalamika kwamba umeolewa na beseni, yeye ni mpangaji tu.

Kisha macho yakazima. Na Mzee Qiu, aliyeandika kwa brashi zako tangu ujana wake, alikuwa ameagiza moja kubwa. Tulidhani utamwomba radhi. Wewe ukaketi kazini kama kawaida.

Binti yako Peifen, aliyeapa zamani kwamba kazi hii hataigusa, alikuonea huruma kwa baridi ya maji, akamimina ya moto beseni mwako.

“Nani kaniwekea supu humu?” ukauliza.

“Mimi, Mama. Maji ya moto kidogo hayaui mtu.”

“Hayaui mtu, yanaua brashi. Vidole vikipata joto vinalewa, haviujui unywele butu. Kamwage, halafu uje ukae hapa.”

Akakaa. Akakupa fungu la manyoya ambalo yeye, kwa macho yake mazima, aliliona safi kabisa. Ukapitisha vidole, ukachomoa unywele mmoja, ukachomoa mwingine, na mwingine tena. Alipoziinua nywele zile kwenye mwanga wa dirisha, kweli, zote zilikuwa butu. Mpaka leo hatujui vidole vile viliona kwa kitu gani.

Ulituacha brashi haijaisha. Tuliogopa, Mama, kwamba ufundi wako umeondoka nawe, maana nyumbani hapakuwa na mwingine aliyeujua. Peifen akaimalizia huku analia, kwa yale machache aliyoyashika kando ya beseni lako. Baba akaitia kwenye mpini wa mwanzi, wakampelekea mwenyewe.

Mzee Qiu alichora mstari mmoja, akaitazama ncha ya brashi.

“Hii si ya Yaoqin,” alisema.

Peifen akainamisha kichwa.

“Ya mama yako ilinitii. Hii inabishana nami. Imetoka mkono wa nani?”

“Wangu, Mzee.”

“Basi nitengenezee nyingine.”

Walirudi kwa miguu kando ya mfereji. Baba alilia waziwazi njia nzima, na alipofika mlangoni alitwambia sote tuliokuwa tukisubiri: “Nyumba hii bado ina fundi.”

Unakumbukwa na mumeo Shen Fugen, watoto wako Guolin na Peifen, mkweo Lu Cuiying, na wajukuu zako. Hakuna siku itakayopita bila jina lako kutajwa nyumbani.