Neno Kunanusha Lilikotoka

Chumba cha juu ya karakana,
S.L.P. 614.
9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Barua ya kwanza ulisema unakohoa, hii ya juzi hukusema lolote, nami sipendi habari za nusunusu. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto linagoma kupanda ngazi, kwa hiyo napanda nikilitukana. Miwani, fundi wetu wa cherehani, amepata mapacha, na sasa analala kazini macho wazi.

Tuje kwenye maswali yako. Umeleta mawili, moja la kicheko na moja la hasira. La kicheko ni kwamba huko ghalani unakofanya kazi ulimwambia mwenzako "nanusha hilo zulia," watu wakacheka, wakasema hakuna neno kama hilo, kuna kukunja na kuviringisha, basi. La hasira ni kwamba hutampigia baba yako simu tena mpaka akuambie mama yako alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa unaamini hakumpenda. Mwanangu, yote mawili yana jibu moja, na sitakuzungusha.

Wenzako hawakukosea. Neno hilo hulikuti katika kamusi yoyote. Limezaliwa hapa chini, kwenye sakafu yetu.

Jina la mama yako la kwenye vyeti unalijua, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Mdogo wake alishindwa kulitamka utotoni, akamwita Nanu, na Nanu akabaki mpaka anaolewa huku.

Wakati ule tulikuwa tukikunja maturubai kama mashuka, pembe kwa pembe. Turubai zito likikunjwa hivyo hupasuka kwenye mkunjo, na wenye malori walituletea yanayovuja kila mvua ikinyesha, na matusi juu. Mama yako alikulia kwa watengeneza magodoro. Siku tatu aliangalia tu. Mimi wifi yake nikadhani anaringa, nikamsema sana jikoni, Mungu anisamehe. Siku ya nne akavua viatu, akaingiza kingo mbili ndani, akapiga magoti akaanza kuliviringisha huku analikandamiza hewa itoke, kisha akalifunga, ncha ya kamba akaiacha nje ili wa kulifungua avute mara moja. Lilitoka gumu kama gogo, bila mkunjo hata mmoja.

Basi mafundi wakawa wanaambiana, "Fanya ya Nanu." Kazi ikizidi mtu hana nafasi ya maneno mengi, ikawa "nanu hilo," mwisho "nanusha." Mwenyewe aliona haya, baadaye akawa ndiye anayetukagua. Wenye malori wakalichukua neno, na leo watoto wa mtaa hunanusha mikeka bila kujua wanamtaja nani.

Ulikuwa hujatimiza miaka miwili alipougua. Wiki tatu tu, akatutoka. Baba yako hakula, hakunyoa, akawa anakaa na mkasi mkononi hakati kitu. Bibi yako akaamuru mtu asimtaje marehemu mbele yake mpaka apate nguvu. Nguvu akazipata, lakini hakuna aliyeiondoa ile amri, na bibi yako amekufa nayo. Tukaendelea kunyamaza kama tuliotiwa maji mdomoni. Ulipokuwa ukiuliza, nilikupa peremende badala ya jibu. Hilo ni kosa langu, na naona aibu kuliandika.

Mwaka juzi fundi mpya alisema "viringisha." Baba yako, mtu ambaye hata kuku hamfukuzi, aliacha mashine akamfokea: "Hapa hatuviringishi. Hapa ni kunanusha!" Mimi niligeuka nikajifanya natafuta uzi.

Barua yako ilipofika nikaona yatosha. Nilishuka nikamsomea baba yako swali lako la kwanza. La pili nikalitia mfukoni. Akauliza nani kacheka. Kisha akakaa juu ya robota la turubai akaanza kueleza: jinsi mama yako alivyovua kiatu cha kulia kwanza, alivyohesabu kwa sauti, alivyokubeba mgongoni akifanya kazi, nawe ukicheka kila anapoinama. Miaka ishirini na mitano sijamsikia akilisema jina la mkewe. Siku hiyo alilisema mpaka mafundi wakazima mashine mmoja mmoja. Alilia mbele ya watu, mwanangu, wala hakujifuta.

Usimngoje akupigie. Hataweza, namjua, tumenyonya ziwa moja. Mpigie wewe, asubuhi, kabla kazi haijaanza. Usimwulize kama alimpenda mama yako. Mwulize turubai linafungwaje, kisha unyamaze umsikilize.

Miwani na mkewe wanakusalimu, na shangazi yako mdogo, na jirani muuza mikate anauliza lini utaolewa. Nimemwambia auze mikate. Nisalimie mwenzako wa chumbani.

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi. Baba yako ameniomba nikitie bila kukisoma, nami nimekisoma. Kina mstari mmoja: "Wanaocheka waambie hilo ni jina la mke wangu."

Mola akulinde utokapo na uingiapo.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye hata ninapokugombeza.