Nafasi Yako: Ndogo

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katangaza: mwisho wa mwezi duka la miwani linafungwa. Miaka kumi na moja namkatia lenzi, leo kanipa mkono na soda. Soda yenyewe ya moto!

Silii. Wateja wananijua, hata yule mwalimu mkorofi kasema nitakakofungua atanifuata. Kinachokosekana ni mashine ya kukatia lenzi. Wauzaji wako ng'ambo, hawapokei malipo ila kwa kadi ya mkopo. Bei ya punguzo mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Basi — kadi.

Jumanne, 4 Machi

Benki, saa ya chakula. Nilitaka kujaza fomu palepale. Binti wa dirishani akaniambia nisikimbilie: nikikataliwa inaandikwa, na benki nyingine zitaona. Nipime kwanza kwenye simu nafasi yangu ya kukubaliwa, kupima hakuachi alama.

Njiani nikajipimia mwenyewe. Mshahara unapitia benki, na ndiyo maana niombe sasa kabla haujakatika. Kukopa sijawahi. Hata mwenye duka la mtaani hanidai kiberiti. Nikajipa nafasi kubwa.

Jumatano, 5 Machi

Nafasi yako: ndogo.

Ndogo! Nimepima mara tatu, mara ya tatu nimevaa miwani. Sababu: mkopo mmoja, miezi saba haujalipwa. Mkopo gani? Nikapiga namba yao ya huduma. Kijana akanisomea kwa upole kabisa: friji, milango miwili, limechukuliwa kwa awamu.

Friji hilo nalijua. Liko jikoni kwa mama.

Mwaka jana mdogo wangu alipoteza kitambulisho, akaazima changu, eti asajili laini ya simu. Kwetu kitambulisho kinaazimwa kama mwavuli. Namba za siri zikaingia kwenye simu yangu, nikamtumia bila kuuliza. Wiki ileile friji likafika kwa mama. Mama alilia. Akambariki mbele yetu sote, kisha akanigeukia: jifunze kwa mdogo wako. Na mimi nikapiga makofi, mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu kapokea simu mara ya sita. Biashara ilimwendea kombo, alitaka alipe kabla sijajua. Halafu: "Dada, usimwambie mama. Nitaonekana mtu gani?"

Nikakata. Yeye ataonekana mtu gani! Mimi nimeshaonekana tapeli na benki nzima, yeye anaogopa macho ya mama.

Ijumaa, 7 Machi

Dukani alikochukua friji. Meneja kanipa njia tatu. Nilipe lote — sina. Nimshtaki mdogo wangu — mdomo umekataa. Au warudishiwe friji: deni linafutwa, jina langu linasafishwa ndani ya siku tatu. Nikahesabu siku kwa vidole. Nitawahi mashine.

Nimesaini. Gari linakuja kesho asubuhi.

Ila insulini ya mama imo mle. Nimenunua kikasha cha baridi na barafu ya siku mbili. Siku ya tatu sijui. Nina hasira mpaka leo nimeharibu lenzi mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika jikoni kwa mama. Yeye yuko uani, anaanika nguo.

Nilifika saa mbili. Kauliza kikasha cha nini, nikasema cha safari. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Kabla sijaanza akafungua friji, akanionyesha chupa zake za dawa, zimepangwa rafu ya juu, kila moja na tarehe kwa mwandiko wake. Akasema zamani alikuwa anaenda kuomba nafasi kwa jirani, na jirani anaguna. Sasa hamwombi mtu.

"Mdogo wako kaniongezea miaka," akasema. Akanishika bega. "Na wewe Mungu atakujalia, mwanangu. Usimwonee wivu."

Wivu! Nilitaka kulisema lote palepale. Badala yake nikamwambia nguo alizofua zitanuka zisipoanikwa, akatoka.

Dereva kapiga. Wako kona, anauliza nyumba ipi. Nimemwambia asubiri. Dakika tano, kapiga tena, sijapokea. Mama kachungulia mlangoni na beseni lake:

"Nani anakupigia hivyo? Kama ni mdogo wako, nipe nimsalimie."

Ananyoosha mkono. Simu inaita.