Babu Aliyefanywa Nahodha

Ijumaa, saa nane mchana. Hapa Balsall Heath, Birmingham, mvua ya rasharasha haijakata tangu asubuhi, na mdomo wangu mchungu kama nimetafuna shubiri.

Sikufungua kiduka changu cha cherehani leo. Nimebandika karatasi mlangoni kwamba fundi anaumwa. Siumwi. Nawaogopa wateja, maana wote wanajua jana nilikuwa wapi. Nimewaambia mwenyewe, mwezi mzima, kila aliyeleta suruali ya kupunguzwa: mwanangu Nasri anahitimu uofisa wa jeshi la majini.

Naam, amehitimu.

Naandika haya sasa, kabla sijaanza kuyapamba.

Juzi nilipanda treni stesheni ya New Street nikateremkia mji mdogo wa pwani huko kusini, nikalala nyumba ya wageni. Jana asubuhi nilivaa buibui jipya nililolishona mwenyewe, lenye nakshi za uzi wa fedha mikononi, nikapanda kilima mpaka chuoni. Nilikaa kiti cha safu ya tatu. Kila kiti kilikuwa na kijitabu, na ndani yake kila afisa mwanafunzi ana picha yake na maneno machache kuhusu tabia yake na mambo anayopenda kuyafanya akipata nafasi.

Gwaride lilikuwa bado. Nikasoma.

Wallahi nilifurahi. Nilikuwa nadhani watoto wa jeshi wote ni wa namna moja, kumbe ni vituko vitupu. Kuna mmoja anapiga zumari la Kiskoti vibaya mno hata wenzake wamelificha mara nne. Kuna jitu refu la futi sita na nusu linaloogopa paka. Mwingine anacheza sataranji peke yake, na bado anajiibia. Mwingine analala amesimama, na picha ipo, ameegemea mlango macho yamefumba. Yuko anayeoka mkate kila Jumamosi na kumnyima yeyote aliyemcheka wiki ile. Kuna binti, Beth, anayefuga nyuki kwao na anayewaandikia barua kama ndugu zake. Yule nilimpenda hapo hapo. Nikasema moyoni, laiti Nasri angekuwa na rafiki kama huyu.

Nikafika ukurasa wa Nasri.

Kwa Kiswahili ningeutafsiri hivi: "Naz. Mpole, nadhifu, hazungumzi kabla ya kikombe cha kwanza cha chai. Hupenda kupiga makasia na mashindano ya mashua. Bahari imo damuni mwake: babu yake mzaa mama alikuwa nahodha wa meli za mizigo Zanzibar. Mama yake ni mbunifu wa mitindo Birmingham."

Nilisoma mara tatu. Nilidhani wamekosea wameweka maneno ya mtoto wa mtu mwingine.

Baba yangu, Mzee Haji, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi bandarini Unguja. Alibeba magunia ya karafuu mpaka bega lake la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Meli alizipanda kushusha mizigo tu. Safari moja aliyokwenda Pemba alitapika tangu kung'oa nanga mpaka kutia nanga, akaapa harudii tena, na hakurudia. Jioni alikaa barazani akishona kofia za viua. Vidole vile vinene, vilivyochubuliwa na kamba, vikitoboa vitundu vidogo kama macho ya mchwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Na mimi nikamfundisha Nasri. Akitoka skuli alikuja dukani, akakaa kwenye kigoda, na alipotimiza miaka tisa alikuwa anapinda pindo huwezi kujua lipi langu lipi lake.

Na huyo mbunifu wa mitindo ni mimi. Natia zipu na kupunguza suruali.

Gwaride likapita mbele yangu. Bendi, glavu nyeupe, panga. Wazazi wanalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nakitazama kisogo cha mwanangu na kujiuliza ni lini hasa alianza kutuonea haya.

Baada ya gwaride tukaingia ukumbini kwa chai. Nasri akaja, mrefu ndani ya sare yake, akanibusu mkono kama nilivyomlea. Nyuma yake alikuwa yule binti wa nyuki, pamoja na baba yake. Nasri akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, kwamba huyu ni Beth, na wamekuwa pamoja miaka miwili.

Miaka miwili. Sikuwa na habari.

Beth alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Akaiona nakshi yangu akaisifu kweli kweli, akainama kuitazama. Kisha akasema, kwa furaha kabisa, "Sasa najua Naz anapenda sindano kwa sababu gani. Beji zetu sote hapa ametushonea yeye. Anasema amejifunza kwenye video."

Kwenye video!

Nilimtazama Nasri. Akautazama mkate wake.

Hapo ndipo baba yake Beth alipoingia mazungumzoni. Mzee mstaarabu, anatembea na mkongojo, naye amestaafu jeshi hilo hilo. Akaniambia kwamba ujanani meli yao ilitia nanga Unguja siku tatu, na hajasahau harufu ya karafuu pale gatini. Nikamwona ana hamu hasa. Akauliza, "Baba yako aliongoza meli gani? Huenda nilimwona."

Nasri alinitazama. Yale macho nayajua. Ni macho ya siku alipovunja kioo cha jirani, ananiomba kimyakimya nisiseme.

Ningeweza kusema silikumbuki jina la meli. Ningeweza kunywa chai yangu. Nataka niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kumdanganya ila mimi mwenyewe: sikusema kwa ajili ya heshima ya baba yangu peke yake. Nilitaka mwanangu aumie.

Nikasema, "Baba yangu hakuongoza meli yoyote. Alikuwa mchukuzi. Ile harufu unayoikumbuka alikuwa ameibeba mgongoni. Na mimi si mbunifu wa kitu. Nina cherehani kwenye kiduka, natengeneza zipu za watu. Sindano Nasri alifundishwa na mimi."

Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Meza ya pili waligeuka.

Yule mzee akakohoa. Akasema ni kazi ngumu ile, kazi ya bandari, kisha akasema mvua ya mchana huenda ikachelewa. Beth hakumtazama baba yake wala mimi. Alimtazama Nasri, akamuuliza polepole, "Lakini uliniambia alikufundisha kuzisoma nyota?"

Nasri hakuwahi kumwona babu yake. Mzee Haji alifariki kabla hajazaliwa.

Beth akaweka sahani yake mezani akaenda dirishani. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

Nikasema nina treni ya kuwahi. Nilikuwa nimebakiza saa mbili nzima.

Nasri alinisindikiza mpaka kwenye geti kusubiri teksi. Tulipofika akasema kwa Kiingereza, "Mum, ulikuwa mstari mmoja tu. Mstari mmoja kwenye kijitabu ambacho kesho watu watakitupa."

"Mstari huo umemzika babu yako mara ya pili," nikamwambia. "Umeona haya. Umemwonea haya mtu ambaye mgongo wake ndio uliotulea, mimi na wewe."

Akavua glavu moja, akaivaa tena. Kisha akasema kwa Kiswahili. Kiswahili chake kizito, cha Birmingham, ambacho sikukisikia pengine tangu yuko skuli ya msingi.

"Mama. Baba alikuwa baharini miaka mingapi?"

Niliitazama barabara, teksi bado.

Sijawahi kuandika jambo hili popote, hata humu. Baba yake Nasri alituacha mtoto akiwa na miaka minne. Hakwenda mbali. Alikwenda Leicester, akaoa, ana watoto. Mtoto akawa anauliza kila siku baba yuko wapi, na mwalimu akawa anauliza pia, na mimi nikaona haya. Nikasema baba yuko melini. Anafanya kazi kwenye meli kubwa, atarudi. Uongo ule ulipotoka ulikuwa mdogo. Lakini uongo hauna breki. Ikaja siku ya kuzaliwa, nikanunua zawadi, nikaandika kadi kwa mkono wa kushoto, nikasema imetoka Durban. Mwaka uliofuata ikatoka Singapoo. Mtoto akabandika ramani ukutani, akawa anachora njia za meli kwa kalamu nyekundu. Alipofikia umri wa kuelewa aliacha kuuliza, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba ameridhika.

"Nilimwona nikiwa na miaka kumi na minne," akasema. "Harusi ile niliyokwenda Leicester na kina Yusuf wa skuli. Alikuwa pale na watoto wawili. Mmoja anafanana na mimi. Hakunitambua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kadi zilikuwa zinakuja bado," akasema. "Na wewe ulikuwa unafurahi kuzileta. Uongo wako nimekutunzia miaka yote hii, Mama. Wangu umeshindwa kuutunza hata kwa muda wa kikombe kimoja cha chai."

Teksi ikafika. Alinifungulia mlango, akaufunga taratibu, kama afisa. Hakunikumbatia. Niligeuka kumtazama kupitia kioo cha nyuma, naye alikuwa keshageuka anapanda kilima.

Ndani ya treni niliwaza kila jibu ambalo ningempa. Nilimwambia kimoyomoyo kwamba nilikuwa peke yangu, nchi ya watu, baridi, na mtoto mdogo. Nilimwambia kwamba mimi nilidanganya ili asiumie, na yeye amedanganya ili apendeze. Hadi tunafika Bristol hoja hiyo ilinitosha. Baada ya Bristol haikunitosha tena. Nani alimwambia kwamba baba wa melini ni bora kuliko baba aliyeondoka? Nani alimfundisha kwamba ukweli wetu haufai kutolewa mbele za watu? Nilimpa sindano na nilimpa na hilo, kwenye kigoda kile kile.

Na bado nina hasira naye. Sitaki kujifanya mtakatifu. Mzee Haji hakustahili kufutwa. Alikufa na lile bega lake lililoinama, hakuacha nyumba wala shamba, aliacha jina lake tu na kazi ya mikono yake, na mjukuu wake amevitupa vyote viwili ili apate cha kusema mbele ya binti wa watu. Yule binti nampenda, na hilo nalo linanichoma. Huenda nimemharibia Nasri. Huenda angempenda hata akiwa mjukuu wa mchukuzi. Sasa hatutajua, maana habari ameipata kutoka kinywani mwangu, mbele ya baba yake.

Nimempigia Nasri mara tatu leo. Simu inaita mpaka inakata. Jumatatu anaripoti kwenye meli yake ya kwanza, na wakishaondoka sijui simu zitapatikana namna gani.

Saa sita Bi Zuhura, jirani yangu wa ghorofa ya juu, alibisha hodi na bakuli la visheti. Alikuwa ameisoma ile karatasi mlangoni akadhani kweli naumwa.

"Pole, Mama Nasri. Safari imekuchosha. Haya niambie, ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri sana, Bi Zuhura," nikasema. "Alhamdulillahi. Ungemwona."

"Na picha?"

"Zipo kwenye simu, nyingi. Zinachelewa kufunguka. Jumapili nitakuonesha."

Akaniombea dua, akaenda zake.

Sina hata picha moja. Tuliachana pale getini bila kupiga.

Nilibaki nimesimama nyuma ya mlango na bakuli mkononi, nikishangaa jinsi uongo ulivyonitoka bila tabu. Hata kufikiri sikufikiri.

Asubuhi nitampigia tena. Asipopokea nitamwachia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, mrefu kadiri utakavyokuwa. Habari ya kijitabu nitaiacha mpaka siku atakayotaka mwenyewe. Nitaanza na Leicester.