Picha ya Mdomo Wangu

Wusi, Jumapili

Mwanangu Valentine,

Mahindi yamebeba vizuri na ng'ombe amezaa ndume tena. Simu usipige, siku hizi sieleweki nikiongea. Jumatano wananikata ulimi huko Mombasa.

Usianze kulia kabla hujamaliza kusoma. Krismasi uliniuliza kwa nini nacheka nikijifunika leso, nikakwambia ni jino. Kilikuwa kidonda cha ulimi. Kila siku nilikibandika ugoro upunguze maumivu, kama nyanya yako alivyonifundisha. Daktari anasema ni saratani, na imeletwa na huo huo ugoro.

Aliomba kunipiga picha za kufundishia vijana wanaosomea meno kama wewe. Nikakubali. Kwenye picha wameziba macho ili nisijulikane, mdomo wakauacha wazi.

Picha hiyo ikifika darasani kwenu huko Nairobi, utanijua kwa lile pengo langu la mbele. Usitoke nje, mwanangu. Keti na wenzako ukitazame hicho kidonda vizuri, maana ulipokuwa hapa jikoni na mimi, nilikukataza kukiona.

Ni mimi mama yako,
Penina